Shikamoo Kabla ya Kabali

Kijana anayetaka kunikaba koo hana haja ya kuniamkia kwanza. Huo ndio msimamo wangu, na nimeutangaza pale ukumbini mara nyingi kiasi kwamba mwalimu akiniona nafungua mdomo anainama na kujifanya anafunga kamba za viatu, ilhali judo tunacheza pekupeku.

Hali yenyewe ni hii. Mmesimama kwenye mkeka, mikanda imefungwa, mmeinamiana kwa adabu kama mchezo unavyoagiza. Hapo sasa mikono inatakiwa ianze kugombania kola. Lakini dogo wa miaka ishirini na ushee, shingo nene, mvi hata moja hana, anainama mara ya pili na kusema, "Shikamoo mzee." Utafanyaje? Wazazi wamekulea. Unaitikia, "Marahaba, hujam..." na kabla hiyo "hujambo" haijaisha miguu iko juu, na unaitazama feni ya ukumbi kwa pembe ambayo hata fundi aliyeifunga hajawahi kuitazamia.

Na huyo ni wa afadhali, maana huyo ameniangusha. Wapo wengine, na ndio wengi, ambao hawaniangushi: wananilaza. Wananishika mgongo, wananiteremsha taratibu kama trei la mayai, wananiwekea kiganja chini ya kisogo nisije nikagonga, halafu wananiuliza, "Mzee, uko sawa?" Siku bega langu lilipotoka, manesi walionipandisha kitandani hawakunibembeleza kiasi hicho.

Nimerudi kwenye judo nikiwa na miaka 49. Nilipoacha nilikuwa na nywele na mabega mawili mazima; sasa nina bega la kushoto. Lile la kulia lilitoka katika ukumbi huu huu, enzi ambazo makonda wa daladala walikuwa bado wananiita braza. Sitaki kumlaumu mtu. Ila jitu moja la kilo zaidi ya mia lilirushwa na mtu mwingine, kwenye pambano jingine kabisa, likaja kutua juu yangu mimi niliyekuwa nimekaa pembeni nafunga mkanda. Mpaka leo tukikutana mjini jitu hilo linawaambia watu, "Huyu bwana tulipambana sana zamani." Hatujawahi kupambana. Lilinidondokea.

Daktari alinieleza kwamba katika viungo vikubwa vyote vya mwili, bega ndilo linalotoka kirahisi zaidi, kwa sababu kikombe chake hakina kina. Tumepewa mkono unaofika kila mahali, tukanyimwa mkono unaokaa mahali pake. Kwa kijana, alisema, bega likishatoka mara moja limepata njia, litatoka tena. Kwa mtu mzima hatari kubwa ni kuchanika kwa misuli inayolizunguka. Nikamuuliza mimi niko kundi gani. Akatazama cheti, akanitazama kichwani, akasema, "Wewe uko mpakani."

Ukoo nao ulikuwa na hospitali yake. Shangazi alitaka nipelekwe kwa bingwa wa kuunga mifupa, na nilipomwambia hakuna mfupa uliovunjika akasema bingwa huyo hata usiovunjika anaunga. Jirani wa kushoto alileta mafuta ya kondoo. Jirani wa kulia alileta ushauri kwamba mafuta ya jirani wa kushoto yasitumike. Mimi nilimchagua mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja mpole sana wa sauti na katili sana wa mikono, ambaye alinipa utepe wa mpira wa kijani nifunge kwenye kitasa cha mlango, niwe navuta asubuhi na jioni.

Utepe haukumaliza mwezi. Si kwamba nilivuta sana. Mtoto wangu wa mwisho aliukata katikati akatengeneza manati, na ile nusu iliyobaki ilikuwa haimtoshi hata mgonjwa wa kidole. Nikaenda kwa fundi baiskeli pale njia panda, nikamwomba anikatie kipande cha tyubu, ile wanayofungia magunia ya mkaa.

"Mzigo gani, bosi?" akauliza.

"Bega."

Akaniangalia, akarudisha kile chembamba alichokuwa ameshika, akanikatia kipana.

Tyubu ile ilikuwa na nguvu kuliko utepe wa hospitali, na kuliko komeo la mlango wetu. Kila nikivuta, mlango wa chumbani unafunguka. Nikiachia, unafunga. Siku moja nimo kifua wazi, nimepaka dawa ya kuchua, nahesabu kwa sauti, navuta, mlango unafunguka, na sebuleni amekaa mama mkwe na kikombe cha chai mkononi. Nikaachia, mlango ukafunga. Lakini mazoezi yalikuwa hayajaisha na dada wa hospitali alisema nisikatishe. Tangu siku hiyo mama mkwe akija kwetu hodi anaanza kupiga akiwa getini.

Basi miaka ikapita, kwa namna yake ya kupita bila kuaga. Bega likatulia, tumbo likajitokeza. Daktari mwingine, huyu wa presha, akaniambia nifanye mazoezi. Alimaanisha kutembea. Angetaka nitembee angesema.

Nilipotangaza nyumbani kwamba narudi kwenye judo, mama watoto hakupiga kelele. Aliweka mwiko chini. Sisi tuliooa tunajua kwamba kelele zina mwisho, lakini mwiko ukiwekwa chini polepole kuna kikao. "Wenzako wa umri huu," alisema, "wanafuga kuku." Nikamwambia kuku wana hasara, ugonjwa ukiingia bandani unakuachia vyombo vya maji tu. "Wanajenga Kigamboni." Nikamwambia hata judo ni kujenga, ni kujenga mwili. Akauangalia mwili wenyewe muda mrefu, akasema kiwanja hicho kina mgogoro.

Suala la nguo lilikuwa na kesi yake. Judogi yangu ya zamani niliikuta kabatini, nyeupe ambayo siku hizi ni rangi ya chai ya maziwa, na pande zake mbili za mbele zikagoma kabisa kukutana tumboni. Mpya bei yake haielezeki mbele ya mke. Nikaenda mitumba ya Karume, nikapekua marundo hadi nikaipata moja nzito, safi, imara, ila mgongoni ina kitambaa kilichoshonwa chenye herufi kubwa GER, za timu ya Ujerumani. Kuifumua nikashindwa, maana waliishona Wajerumani. Kwa hiyo pale ukumbini nina majina mawili. Mbele yangu naitwa mzee. Nikigeuka naitwa Mjerumani.

Mwalimu ni mtu niliyemfundisha kuanguka mimi mwenyewe akiwa darasa la sita. Leo ana mkanda mweusi na filimbi shingoni. Alinipokea vizuri, akaniita kaka mkubwa, akausifu mkanda wangu wa kahawia kwa sauti ambayo mtu hutumia kusifu picha ya marehemu, kisha akanipanga mstari wa watoto.

"Uanze na ukemi kidogo," alisema.

Ukemi ni kuanguka. Ndilo somo la kwanza la judo: kabla hujajifunza kumwangusha mwenzio unajifunza kuanguka wewe, kidevu kifuani, mgongo wa mviringo, mkono unaupiga mkeka kwa kiganja ili kishindo kigawanyike. Najua vizuri sana. Nisichokuwa nakijua ni kwamba wakati mimi sipo, chini pamesogezwa. Zamani chini palikuwa karibu. Ukijiachia, unafika. Siku hizi kuna safari, na njiani unapata muda wa kukumbuka madeni. Na ukibiringika mara mbili mfululizo, ukumbi unaendelea kubiringika wenyewe baada ya wewe kusimama, hivyo inabidi ujifanye unarekebisha mkanda mpaka kuta zitulie.

Nyuma yangu kwenye mstari kuna binti wa miaka tisa hivi, nywele za twende kilioni, ambaye amejiteua kuwa mkaguzi wangu. "Babu, kidevu!" anapiga kelele kila nikibiringika. Mzee nimekubali. Mjerumani nimekubali. Babu nimekata rufaa, na mwalimu akainama kufunga viatu.

Hata shirikisho la judo la dunia haliko upande wangu. Kwenye mashindano yao ya maveterani, mtu anahesabiwa veterani akifikisha miaka 30. Thelathini! Kwetu wa miaka 30 kwenye vikao vya ukoo bado anatumwa soda. Kutoka hapo wanawapanga kwa makundi ya miaka mitano mitano, kwa hiyo mimi niko kundi la nne, la 45 hadi 49, na mwakani napanda darasa bila mtihani.

Lakini wacha niseme juu ya sheria, kwa sababu hapa ndipo nilipoonewa hasa. Nilipoacha mchezo kulikuwa na alama nne. Kulikuwa na iponi, ambayo ukimtupa mtu chali kwa nguvu na kasi mambo yamekwisha. Kulikuwa na waza-ari, ambayo mbili zinafanya iponi. Kulikuwa na yuko. Na chini kabisa kulikuwa na koka, ya mtu aliyeangukia paja au makalio. Koka ndiyo ilikuwa inaniweka mjini. Sikuwa mtu wa kumrusha mwenzangu hadi watu washike vichwa, nilikuwa namkalisha. Namkalisha leo, namkalisha kesho, mwisho wa mwezi nimeshinda. Mwaka 2009 koka ikafutwa. Hawakunijulisha.

Halafu wakaja kwenye miguu. Mtupo wangu niliojulikana nao ulikuwa kata-guruma: unajipenyeza chini ya mtu, unalikumbatia paja lake, unamnyanyua mabegani, unammwaga upande wa pili. Mwaka 2010 wakaanza kubana ushikaji wa miguu kwenye mashindano, na 2013 wakaupiga marufuku kabisa. Kwa hiyo nimerudi nikakuta silaha yangu kubwa ni kosa. Mwalimu alipoona uso wangu akasema, "Lakini kaka mkubwa, kwa bega lile ungemnyanyua nani?" Hilo si la kumuuliza mtu. Ni tofauti kukatazwa na sheria na kukatazwa na bega. Mimi nilitaka bega linikatalie lenyewe, tuzungumze, tuelewane.

Yuko nayo ikaondolewa 2017, ikakaa nje miaka, kisha 2025 ikarudishwa. Nimelifikiria sana jambo hili. Yuko imekaa nje muda mrefu, imerudi, na hakuna aliyeiuliza kama imeonana na daktari. Hakuna aliyeipanga mstari wa watoto.

Ninapoelemewa huwa namtaja Jigoro Kano. Huyu ndiye mwalimu wa Kijapani aliyeanzisha judo mwaka 1882 mjini Tokyo, kwenye chumba cha hekalu chenye mikeka kumi na miwili, akiwa mtu mdogo wa umbo aliyechoshwa na kuonewa na wenzake tangu shuleni. Aliacha mafundisho mawili makubwa, matumizi bora ya nguvu na ustawi wa pamoja. Nikiwa kijana niliyaona ni maneno ya kuandika ukutani. Sasa la kwanza nimelielewa, nalo ni bajeti. Nina pumzi ya kumrusha mtu mmoja kwa jioni moja. Wa pili atanisamehe mpaka Alhamisi. Kano mwenyewe alifariki mwaka 1938 akiwa na miaka 77, melini, akirejea Japani kutoka mkutano wa kamati ya Olimpiki uliofanyika Cairo, na hoja hiyo nimeipeleka nyumbani: mwenye mchezo wake alifika 77. Mama watoto akasema alifika kwa sababu alikuwa anahudhuria mikutano.

Mambo mabaya zaidi yako chini, ukishalala. Kwenye judo ukimbana mtu mgongo uko mkekani kwa sekunde 20, hiyo ni iponi. Ukiwa juu, sekunde 20 ni kupepesa macho. Ukiwa chini ya kijana wa kilo themanini aliyelala kifuani kwako huku amekikumbatia kichwa chako kwapani, sekunde 20 zinatosha kusoma wosia. Na vijana wetu wamefunzwa kwamba mtu mzima hakai naye kimya.

"Mzee, uko sawa?"

"Niko sawa."

"Nisikaze?"

"Kaza."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawa... jambo."

"Na mama?"

Siwezi kumlaumu kwa nia yake. Ila pumzi niliyobakiwa nayo ilikuwa ya kutokea, si ya kumpa taarifa za familia. Sekunde 20 zikaisha nimekwisha hesabiwa iponi, na salamu zenyewe zilikuwa bado hazijafika kwa mabinamu.

Kuna kikundi kingine ukumbini, hawa wa jiu-jitsu ya Kibrazili. Wanakuja na kaptula za kubana na simu zenye video, na wanapenda chini kuliko juu, jambo ambalo kwa umri wangu ningelishabikia isingekuwa wanayotaka kunifanyia huko chini. Nawakumbusha kila mara kwamba jiu-jitsu yao ni mjukuu wa judo, kwamba mwaka 1914 alifika Brazil Mjapani mmoja wa judo aitwaye Mitsuyo Maeda, na familia ya Gracie, wenye jiu-jitsu hiyo, walijifunza kutoka kwake. Wanasikiliza kwa heshima. Mjukuu akimaliza kusikiliza historia anamkunja babu mkono.

Wana kufuli lao moja la kupinda mkono kwa nyuma, shabaha yake ni bega, nalo wanaliita kimura. Jina ni la Masahiko Kimura, bingwa wa judo ambaye mwaka 1951 mjini Rio de Janeiro alimkunja hivyo Hélio Gracie mpaka mkono ukavunjika, na Hélio akakataa kugonga mkeka hata pale. Ilibidi kaka yake arushe taulo. Vijana wanaisimulia habari hii macho yakiwaka. Mimi nasikia tu kwamba Hélio alikuwa na miaka 38, mtu mzima na familia yake. Ningekuwa karibu ningemwambia: gonga bwana, Jumatatu una kazi.

Mimi nagonga. Nagonga mapema, kwa sauti, kwa kiganja kizima. Nagonga mtu akilisogelea bega. Kuna siku niligonga wakati tunasalimiana. Dogo mmoja akaniambia, "Mzee, sijashika bado," nikamwambia najua, naweka akiba.

Ofisini nako hakuna pa kupumzikia. Nikiingia asubuhi nachechemea, shingo haigeuki, na alama ya kola imenikata kooni, dada wa mapokezi ananitazama kwa huruma nzito na kuniuliza kama mama nyumbani bado amekasirika. Nilieleza judo. Nilileta hata picha. Sasa wanasema nimejiunga na judo ili nijilinde.

Basi nikiwa katika hali hiyo, mwezi huu kaja ukumbini mstaafu mmoja, fundi umeme, Mzanzibari, aliyejifunzia judo Unguja enzi zake. Miaka yake ni zaidi ya hamsini na mitano, mwembamba, masharubu meupe, judogi imepigwa pasi. Imepigwa pasi! Akaja moja kwa moja niliposimama, akanyoosha mkono, na akasema neno ambalo sikuwa nimelisikia kwenye mkeka ule tangu nirudi.

"Mambo vipi?"

Nilitaka kumkumbatia. Lakini mwalimu alikuwa ameshapuliza filimbi ya randori, mapambano ya mazoezi, na mstaafu akainua kidole.

"Kabla hatujaanza," alisema, "tuelewane. Goti langu la kushoto lilipasuliwa. Usiliguse."

"Halina shida. Mimi bega la kulia."

"Shingo sipendi ivutwe kwa ghafla."

"Hata mimi. Na kiuno changu hakigeuki upande wa kulia."

"Kiuno nilisahau. Mimi changu pande zote." Akafikiri. "Na vidole hivi viwili vina jongo. Jana nimekula pweza."

"Kwa hiyo kola nishike?"

"Kola ni shingo hiyo hiyo, bwana."

Tukaangalia kilichobaki. Kwa haki, baada ya makubaliano yote, yeye aliruhusiwa kushika mkono wa nguo yangu wa kushoto na mimi mkono wa nguo yake wa kulia, tena kwa kiasi. Tukashikana hapo. Tukaanza kuzunguka. Mimi nikivuta, yeye anasema "bega lako," kunikumbusha. Yeye akivuta, mimi namuuliza kuhusu jongo. Vijana waliokuwa wanapambana karibu yetu wakaacha, wakakaa chini, na nikaona simu zimeanza kutolewa. Mwalimu akatupa shido, ile adhabu ya wachezaji wasioshambulia. Tukaendelea kuzunguka. Akatupa ya pili. Kwa sheria za sasa shido tatu unatolewa nje, na nikamwambia mstaafu kwa sauti ya chini kwamba tukipewa ya tatu tutatolewa wote wawili, mbele ya watoto.

"Kweli?" akasema. "Tatu tu siku hizi?"

Sikuiona ikija. Nilihisi mkono wa nguo unavutwa chini kidogo, nikahamisha uzito kwenye mguu wa kushoto, na mguu wenyewe nikaukuta haupo. Ulikuwa mtama safi wa zamani, unyayo kwenye kifundo, sekunde ile ile ninayokanyaga. Nilikwenda juu, nikaiona feni, nikakumbuka madeni, nikashuka kwa mgongo mzima na kiganja changu cha kushoto kikaupiga mkeka hadi ukumbi ukaitikia. Kutoka mstari wa watoto nikasikia, "Kidevu kizuri!"

Vijana walinyanyuka wote kwa pamoja. "Mzee! Pole mzee! Mzee, uko sawa?" Watatu walishafika na mikono yao. Nikawaambia mtu asiniguse. Mstaafu alikuwa amesimama juu yangu, mikono kiunoni, haulizi kitu.

"Amka," alisema, "unazuia njia."

"Mguu wangu wa kushoto!"

"Hukuutaja."

"Nautaja sasa."

"Umechelewa," akasema, akiinama kurekebisha suruali yake iliyopigwa pasi. "Hiyo ni iponi. Tena njoo na orodha yako Alhamisi, iliyokamilika, imeandikwa, maana na mimi nimekumbuka sijakueleza habari za mbavu."